Iulize Gari, Usiiulize Betri Iliyomo

Magari ya zamani ninayoletewa hapa Tabora karibu yote huja na betri isiyo yao. Sisemi betri mbovu. Mara nyingi ni mpya, inapiga stata vizuri, na mwenyewe ameilipia pesa ya maana. Ila si ya gari hilo. Utakuta betri ya saizi ya N70 imefungwa kwa mpira wa tyubu juu ya trei iliyokatwa kwa msumeno, nyaya zimevutwa mpaka zimekakamaa, na kichwa kimoja cha betri kimeviringishiwa kipande cha kopo la maziwa ili kishikio cha waya kibane. Mwenye gari anataka kulirudisha lilivyokuwa siku linatoka kiwandani. Rangi ameshapata, viti ameshonesha, taa amezisaka mpaka Dar. Sasa anasema, "Fundi, nitafutie betri orijino." Nikimuuliza ya aina gani, anafungua boneti na kunisomea ile iliyomo.

Ile iliyomo haina la kutuambia. Betri huishi miaka mitatu, minne, mitano ikitunzwa, na kwa jua letu la Septemba na Oktoba hata hiyo mitatu ni ya kuombea. Land Rover ya mwaka 1964 imeshapita betri nyingi, na kila moja ilichaguliwa na mtu aliyekuwa na haraka: dereva wa misheni aliyekwama Sikonge, karani wa chama cha tumbaku aliyepewa hela ya betri na siyo ya ushauri, fundi aliyekuta dukani kuna aina moja tu. Anayenunua kwa kufuata iliyomo anafuata haraka za watu wengine. Gari lenyewe, kwa upande wake, limehifadhi habari nyingi ajabu, na nyingi ya hizo zinaonekana kwa macho na mita ya kawaida.

Niseme pia ninachokiita orijino, maana hapa watu hupoteza hela. Betri ileile iliyotoka na gari hakuna atakayeipata, na akiipata haitawasha kitu; risasi na asidi havingoji miaka 60. Tunachokitafuta ni aina yake: volti zake, upande wake wa ethi (yaani kichwa kipi, chanya au hasi, kinafungwa kwenye bodi), ukubwa wa boksi, mpangilio wa vichwa, jinsi inavyoshikwa, na mwisho kabisa sura. Watu wengi wanaanzia kwenye sura. Mimi naiweka mwisho kwa sababu sura haiunguzi gari. Upande wa ethi unaunguza.

Tuanze na volti. Magari mengi ya Kimarekani yalikuwa ya volti 6 mpaka katikati ya miaka ya 1950. Chevrolet walihamia 12 mwaka 1955, Ford mwaka uliofuata. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikaa na volti 6 muda mrefu zaidi: mabadiliko makubwa yalikuja na magari ya modeli ya 1967, na zile za bei nafuu zaidi za 1200 ziliendelea na 6 hata baada ya hapo. Betri yake iko chini ya kiti cha nyuma, na hapo nina onyo. Kiti kile kina springi za chuma. Ukiweka betri ndefu kuliko ile iliyokusudiwa, abiria mzito akikaa, springi inagusa kichwa na kiti kinawaka moto. Limeshatokea duniani mara nyingi kiasi kwamba kila anayeshughulika na gari hilo anatakiwa kulijua kabla hajajua kitu kingine chochote juu yake.

Kujua kama gari ni la 6 au 12 ni rahisi: soma globu za taa ambazo hazijabadilishwa, soma stata, soma dinamo, soma kibati cha katauti, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa dinamo kwenda kwenye betri. Vikipingana, amini kile kilicho kigumu kukibadilisha. Globu yeyote anabadilisha, stata wachache.

Lakini kuna mtego wa betri mbili. Land Rover nyingi za dizeli za zamani, zile za Series II na IIA, zilitoka na betri mbili za volti 6 zilizofuatana, yaani chanya ya moja imeungwa na hasi ya nyingine, moja mbele kwenye injini na nyingine chini ya kiti cha kushoto, pamoja zikitoa volti 12. MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, nayo ilikuwa na mbili za volti 6 nyuma ya viti mpaka 1974. Mzee mmoja wa Kiloleni aliniletea Land Rover 109 yake ya dizeli akiwa amekata tamaa ya stata. Mbele kulikuwa na betri moja ya volti 12, ndogo kwa injini ya dizeli. Nikamwomba ainue kiti cha abiria. Mle ndani aliweka jeki, kamba na chupa ya oili, na pembeni kulikuwa na waya mnene, umekatwa, ncha yake imefungwa tepu nyeusi ambayo imeshakuwa lami.

"Baba, hiki ulichowekea jeki ndicho chumba cha betri ya pili."

Akakaa kimya kidogo. "Nimekuwa nalo tangu mwaka 1988. Hakuna aliyeniambia."

Unapopata gari la namna hii usije ukafikiri betri mbili za 6 zinajumlisha uwezo. Zikifuatana, volti zinajumlishwa, saa za ampea, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi, zinabaki zilezile. Mbili za volti 6 zenye saa za ampea 58 kila moja, kama zile za MGB, zinakupa volti 12 na 58 ileile. Kwa hiyo ukitaka kuweka moja ya volti 12 badala yake, ni 58 unayoitafuta, siyo 116. Wauzaji wanapenda sana kuuza 116.

Sasa ethi. Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu mafundi, hasa vijana, watulie. Sisi tumekulia kwenye magari ya Kijapani ambayo hasi iko kwenye bodi, na mkono umeshazoea: waya mweusi, bodi, hasi. Magari ya Kiingereza kuanzia miaka ya 1930 mpaka miaka ya 1960 kwa wingi yalikuwa kinyume chake, chanya kwenye bodi. Waingereza wa wakati huo waliona vichwa na nyaya haziliwi sana zikiwa hivyo, na kwamba plagi zinafaidika. Alteneta na redio za transista ndizo zilizowageuza. Land Rover walibadilika kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, ndani ya Series IIA hiyohiyo, kwa hiyo mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kupishana kwa ndani. Morris Minor yenye dinamo ilibaki na chanya kwenye bodi mpaka ilipoacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Peugeot 404 na Land Cruiser za mwanzo hazina fumbo hili: volti 12, hasi kwenye bodi.

Hatari yake ni kwamba ukigeuza, vitu vingi vinaendelea kufanya kazi. Taa zinawaka. Stata inazunguka upande uleule, maana sumaku yake na rota yake vyote vinageuka pamoja. Honi inalia. Mtu anaona kila kitu kiko sawa, anaondoka. Kisha dinamo ambayo haijageuzwa inakutana na betri iliyogeuzwa, na visahani vya katauti vinaungana kwa moto. Gari la alteneta halingoji hata hapo. Daiodi zinakufa palepale waya unapogusa. Redio ya transista vilevile.

Basi, utajuaje upande wa asili? Usitegemee rangi ya waya. Kwenye mfumo wa Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, waya mweusi ni wa ethi hata kama ethi ni chanya, na kahawia ndio unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Mweusi hauna maana ya hasi. Nimeona gari zuri likiharibiwa na sentensi hiyo moja iliyokosekana kichwani mwa mtu.

Nenda kwenye mkanda wa ethi, ule wa nyuzi za shaba zilizosukwa bapa ambao unatoka kwenye betri na kufungwa kwenye bodi au chesesi. Ukiwa bado wa asili, una kishikio chake cha risasi mwishoni. Ukifute kwa maji ya magadi mpaka uone chuma, kisha pima tundu kwa venia, ile rula yenye taya. Kichwa cha chanya cha betri hutengenezwa kinene kuliko cha hasi: juu kabisa, chanya ni kama milimita 17.5, hasi kama 15.9. Tofauti hiyo ya milimita moja na nusu waliiweka makusudi ili mtu asigeuze. Kishikio cha mkanda wa ethi kikiwa na tundu kubwa, gari lilizaliwa na chanya kwenye bodi. Mara nyingine utakuta tundu dogo limekwanguliwa kwa tupa ya mviringo ili lipanuke, na mikwaruzo ya tupa bado inaonekana ndani; hapo unajua kuna mtu alilazimisha, na unajua pia alilazimisha kutoka wapi kwenda wapi. Napenda sana kipande hiki cha kazi. Kipo kidogo, kipo kichafu, na kinasema wazi kuliko mwenye gari mwenyewe.

Shahidi wa pili ni koili. Koili za Lucas za zamani hazina alama ya kujumlisha na kutoa. Zina herufi SW upande wa swichi na CB upande wa platini. Ukikuta SW na CB, na koili inaonekana haijawahi kung'olewa, uko kwenye enzi ya chanya kwenye bodi. Alama za + na − zilikuja baadaye.

Wa tatu ni dinamo, na huyu lazima asikilizwe kwa uangalifu. Chomoa waya wa F, ule wa kuamsha sumaku, washa gari kwa mwendo wa chini, pima kati ya D, kichwa kinachotoa umeme, na bodi. Utaona volti chache tu, zinazotokana na sumaku iliyobaki kwenye chuma. Alama ya volti hizo ndiyo alama ya betri ya mwisho ambayo dinamo ilifanya nayo kazi vizuri. Ya mwisho, siyo ya kwanza. Kama kishikio kinasema chanya kwenye bodi na dinamo inasema hasi kwenye bodi, hakuna anayedanganya: gari lilizaliwa na chanya na katikati ya maisha likageuzwa. Unaamua sasa unataka kulirudisha au kuliacha.

Ukubwa wa boksi unausoma kwenye trei. Asidi inapotiririka huacha mpaka; ng'oa betri iliyomo, piga brashi ya waya, na utaona mstatili ambao rangi yake imebaki na pembeni yake pameliwa. Huo ndio unyayo wa betri iliyokaa pale miaka mingi zaidi. Urefu wa kwenda juu unaupata kwenye zile nondo mbili nyembamba zenye nati zinazoshika fremu kutoka juu. Betri za Kiingereza za zamani hazikuwa na ukingo wa chini wa kubania kama za Ulaya za siku hizi. Zilishikwa kwa fremu. Kwenye nondo, nati ilipokaa muda mrefu, uzi umebaki safi au umelika tofauti na sehemu nyingine. Pima kutoka kwenye ndoano hadi hapo, ondoa unene wa fremu, umepata kimo.

Vishikio vya Lucas vinastahili kutafutwa kwa bidii. Si vile vya kukaza kwa boliti pembeni. Ni kama kofia ya risasi inayofunika kichwa chote, na juu yake skrubu moja inaingia katikati ya kichwa. Betri za sasa hazina tundu hilo, na watu wengi hukata kofia na kuitupa. Usiikate. Kofia nzuri bado inakaa kwenye kichwa kinene cha kawaida, na fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kutoboa tundu dogo la skrubu katikati ya kichwa cha betri mpya, tundu fupi, bila kushuka ndani. Betri iwe imetoka kwenye chaja zamani na imepunga hewa, maana gesi inayotoka wakati wa kuchaji ni haidrojeni na cheche moja inatosha kupasua boksi usoni mwako.

Kuhusu sura: betri za zamani zilikuwa na boksi la mpira mgumu mweusi, siyo plastiki. Boksi za plastiki nyepesi zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970. Juu ya boksi la mpira kila seli ilifungwa kwa lami nyeusi, na kati ya seli na seli kulikuwa na daraja la risasi linaloonekana wazi, kiasi kwamba uliweza kupima seli moja moja kwa mita: volti 2.1 kila seli ikiwa imejaa, 12.6 zikiwa sita. Fundi wa enzi hizo aliweza kuyeyusha lami, kuinua seli iliyokufa na kuweka nyingine. Kwenye betri nyingi za Lucas herufi zilizochorwa pembeni zinasomeka hata leo ukifuta, kwa mfano GTW9A, ambapo 9 ni idadi ya bamba katika kila seli. Leo Uingereza na Marekani kuna wanaotengeneza upya boksi za namna hii, lakini kuzisafirisha zikiwa na asidi ni balaa ya gharama. Njia ninayoikubali kwa huku kwetu ni kuchukua ganda la zamani lililo zima, kulisafisha, na kuficha ndani yake betri ndogo ya kisasa yenye volti na upande uleule. Gari linaonekana sawa na linawaka.

Sharti ni ganda liwepo, na hapa nina huzuni ya kweli. Maganda yanavunjwa kila siku ili kutoa risasi. Kigoma nimeona ikiyeyushwa uani, watoto wamezunguka moto, ipatikane ya kuzamishia nyavu. Moshi ule ni sumu na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inamharibu akili. Hata asiyejali magari ya zamani aache jambo hilo kwa sababu hiyo pekee.

Uwezo na asidi ni mambo yaliyosahaulika zaidi. Dinamo ya Lucas C40 inatoa ampea 22 hivi ikijitahidi, na gari likiwa limesimama kwenye foleni haitoi chochote cha maana. Kumwekea mzee huyo dinamo betri kubwa ya N100 kwa sababu "kubwa ni bora" ni kumnyima usingizi. Kwa safari za kutoka Ipuli kwenda sokoni na kurudi haitajaa hata siku moja, na betri isiyojaa inaota chumvi ngumu kwenye bamba na kufa mapema. Vilevile zile zilizofungwa kabisa, zisizowekwa maji, nyingi zinataka volti za kuchaji za juu kuliko katauti ya zamani inavyozipa kwa utulivu. Nachagua yenye vifuniko sita vya kufungua, ya maji.

Na maji yenyewe. Vitabu vya Kiingereza vya wakati ule viliandika vipimo viwili vya uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, kwa betri iliyojaa: 1.270 hadi 1.290 kwa nchi za baridi, na 1.210 hadi 1.230 kwa sehemu zinazozidi nyuzi joto 32. Sisi ni wa kundi la pili, angalau miezi ya kiangazi. Asidi kali kwenye joto inakula bamba haraka, na kwa kuwa injini huku haigandi, hatuhitaji ukali ule wa kuwashia gari kwenye theluji. Betri iliyojazwa kwa kipimo cha joto, ukiipima kwa haidromita ya dukani, kile kipimo cha uzito wa asidi, kielelezo kitaangukia nje ya rangi ya kijani na muuzaji atakwambia imeisha. Haijaisha. Uliza kwanza ilijazwa asidi gani.

Ukishakusanya yote haya, ndipo unakwenda dukani, na unakwenda na karatasi. Usiseme "nataka ya Land Rover." Sema urefu, upana, kimo, chanya iwe upande gani ukiitazama betri ikiwa imekaa garini, vichwa vinene. Majina ya Kijapani yatakusaidia ukiyajua: N50 ina urefu wa kama sentimita 26, N70 kama 31, na herufi L mwishoni inamaanisha vichwa vimegeuzwa pande. NS40 na NS60 kwa kawaida zina vichwa vyembamba, ambavyo ndivyo vinavyozaa yale makopo ya maziwa niliyoyataja. Zenye S mwishoni ndizo zenye vichwa vinene. Mpangilio wa pande ni muhimu zaidi kwa gari la chanya kwenye bodi, kwa sababu mkanda wa ethi ni mfupi na haunyooshwi. Ukipata pande zisizofaa, geuza betri nzima kwenye trei kabla hujafikiria kugeuza umeme.

Kugeuza umeme mimi sikushauri, isipokuwa gari limeshawekewa alteneta. Gari lililozaliwa na chanya kwenye bodi halina ugonjwa. Linahitaji tu anayelifungua boneti aambiwe. Kwenye 109 ya yule mzee tumeandika kwa rangi nyeupe upande wa ndani wa boneti, herufi kubwa: BODI NI CHANYA. BETRI MBILI, YA PILI CHINI YA KITI. Waya mnene umeungwa upya, jeki imehamia nyuma, na asubuhi inawaka bila hendeli.

Kama wewe uko Urambo, Kaliua, Kigoma au popote huku kwetu na una ganda la mpira mgumu stoo, usilivunje. Lipime urefu, upana na kimo, nipigie picha ya juu ikionyesha madaraja ya risasi na ya pembeni ikionyesha herufi, na uniambie lilitoka kwenye gari gani. Mimina asidi iliyobaki kwenye chombo cha plastiki, usiimwage kisimani wala shambani, na ganda liweke kivulini likiwa limesimama, maana likilala na jua likiwaka lami inatiririka.